Maneno ya Kigiriki kwenye Mlango wa Jikoni

Ubah mwanangu,

Salaam aleikum, ingawa umelala chumba cha pili na nasikia unavyogeuka kitandani. Mambo ya blanketi, ya kula kwa wakati, ya kushika simu yako vizuri ukishuka Nairobi na ya marafiki wa kuchagua, shangazi yako ameyamaliza tangu saa ya chai, na mengine ameyarudia. Hapo sina la kuongeza. Mimi ninakuandikia kwa sababu ya swali lako.

Siku ile tulipotoka kwa chifu mara ya kwanza kutafuta kitambulisho chako, uliniuliza njiani: "Hooyo, kwa nini uliwashukuru?" Sikukujibu. Nilijifanya natafuta upande wenye kivuli. Mimi ambaye nimeishi kwa kuuliza watu maswali na kukataa kuondoka bila jibu, nilikukwepa kama mheshimiwa anayekimbilia gari lake. Jibu ninalo sasa. Limechelewa, na nimekasirika, kwa hiyo nivumilie.

Nimekaa jikoni mbele ya mlango wa bati. Maneno yako bado yapo. Ya juu yako wazi. Ya chini mvuke wa sufuria umeanza kuyala. Ulianza kuyaandika kwa chaki siku ulipopata barua ya chuo, ukasema huwezi kwenda kusomea historia ya kale ukafika darasani hujui hata agora ni nini. Mimi nilikuwa napika anjera, wewe umeshika chaki, na kila neno uliloliandika nililidai kwa sentensi moja. Hiyo ni kanuni ya chumba cha habari: neno usiloweza kulieleza kwa sentensi moja, hujalielewa.

"Polis," ukasema.

"Nipe."

"Mji unaojitawala. Lakini si majengo, Hooyo. Ni watu wake."

"Agora?"

"Uwanja wa soko katikati ya mji. Upande huu wanauza samaki, upande ule wanabishana siasa."

"Hiyo ni soko yetu ya mifugo siku ya mnada."

"Toa samaki, weka mbuzi," ukasema, ukaandika.

Ukaja kwenye demokrasia. Demos ni watu, kratos ni nguvu. Nguvu ya watu. Nikakuuliza watu gani. Hapo ukapunguza sauti.

"Wanaume. Waliozaliwa na baba raia, na mama awe binti wa raia."

"Wanawake wanapiga kura?"

"Hapana."

"Watumwa?"

"Hooyo."

"Nauliza tu. Wageni?"

"Hapana."

"Ukitoa hao wote, nani amebaki uwanjani?"

"Wachache."

"Na hao wachache wakajiita watu."

Ulicheka. Mimi sikuwa natania. Nilifundishwa darasani kwamba Ugiriki ni mama wa demokrasia, na nikakariri hivyo hivyo nikapata alama zangu. Hakuna mwalimu aliyetaja waliobaki nje ya uwanja. Mtu mzima anakufundisha habari ya nyumba, anakueleza sebule, anakueleza paa, na hasemi kwamba nusu ya wenye kuijenga walilala nje. Hilo siliiti kusahau. Mwandishi wangu mdogo akiniletea habari ya namna hiyo, namrudisha alikotoka.

Neno la mwisho siku ile lilikuwa metoikos. Ulilieleza bila kusoma popote. Mtu aliyehamia mjini, au aliyezaliwa hapo hapo na wazazi waliohamia. Anafanya biashara, analipa kodi kwa sababu tu anaishi pale, vita vikija anaitwa jeshini. Lakini si raia. Hamiliki ardhi, hapigi kura. Mtoto wake naye ni metoikos, na mjukuu wake.

"Na lazima awe na raia wa kumsimamia," ukasema. "Anaitwa prostates. Asipokuwa naye anashtakiwa."

Anjera ikaungua. Uliniambia nimezeeka, nasahau jiko. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa namwona babu yangu.

Umesikia habari zake vipande vipande, na vingi hukuvipata kwangu. Baba wa baba yangu alitolewa Berbera, kwa Wasomali wenzake, na jeshi la Mwingereza. Alipigana vita ambavyo havikuwa vyake, na vilipokwisha wenye vita wakamwambia: kaa Isiolo na ng'ombe wako. Akakaa. Akachimba kisima, akaoa, akauza mifugo, na wanawe wakaendesha malori mpaka Moyale wakati barabara ile ilikuwa jina tu. Kodi alilipa. Kila serikali iliyokuja aliilipa, na kila serikali iliyokuja ilimwuliza ametoka wapi.

Sasa nikuambie nilivyopata kitambulisho changu, maana hili sijawahi kukusimulia lote.

Nilikuwa na umri kama wako. Baba alinipeleka mbele ya wazee, na akaja na rafiki yake, baba yake Mzee Guyo, Mborana, mwenyeji wa hapa, ambaye mji mzima ulimwamkia. Yule mzee hakusema mengi. Alisema, "Hawa ni wageni wetu. Watu wazuri." Wazee wakatikisa vichwa, karani akapiga muhuri, baba akawaalika wote chai. Nilitoka pale nimefurahi. Njiani nilimshika mkono yule mzee na kuuinamia.

Simsemi vibaya, Mungu amrehemu. Alifanya ilivyokuwa desturi, na nyumba yake na yetu zimekula pamoja tangu siku hizo. Lakini tazama nilichokipata: kadi inayosema mimi ni raia, niliyopewa kwa sababu mtu alishuhudia kwamba mimi ni mgeni. Nimeibeba kadi hiyo kwenye mkoba miaka yote, nikaionyesha kwenye vizuizi vya polisi, benki, uwanja wa ndege, na sikuwahi kuona kichekesho chake mpaka msichana mwenye chaki alipoandika prostates kwenye mlango wangu.

Halafu nikawa ripota. Foleni za kupigwa msasa, kama wanavyoita kuhojiwa asili yako kabla ya kupewa kitambulisho, zilikuwa habari rahisi, zilikuwepo kila msimu, umbali wa kutembea kutoka ofisini. Msasa ni wa mbao. Fundi huipiga mbao msasa ilainike, na kila akiipiga inapungua. Nilijua hilo, na bado niliandika: "Zoezi hilo liliendelea kwa utulivu." Tafuta magazeti ya zamani utaikuta sentensi hiyo, na jina langu juu yake, zaidi ya mara moja. Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyepiga kelele. Sikuandika kwamba mtu hapigi kelele mbele ya watu walioshika faili yake. Mama mmoja wa Kiwanjani alinivuta mtandio kwenye foleni, akaniambia, "Andika kwamba mtoto wangu ameitwa kazi na kazi imempita akisimama hapa. Andika jina langu." Niliandika kwamba baadhi ya wakazi walilalamikia kucheleweshwa. Baadhi ya wakazi. Alikuwa na jina na alinipa.

Wahariri walinipenda. Walisema sina jazba. Nilichukua utulivu nikadhani ndio usahihi, na nimefanya kosa hilo kwa muda mrefu kuliko umri wako.

Basi ikafika zamu yako.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mambo hayo yamefutwa. Nilikuwa nimeshahamia redioni, na tangazo lile nililisoma hewani mimi mwenyewe, kwa sauti ile unayoiiga ukitaka kunichokoza. Tukafika ofisini kwa chifu tukakuta wazee wameketi varandani kwenye viti vile vile, na chupa ile ile ya chai mezani.

"Huu si msasa, mama," karani akaniambia kabla sijauliza. "Ni mazungumzo tu."

Mtu akikuzungumzisha huku ameshika jina lako mkononi na wewe huna lake, hayo si mazungumzo. Ila nilikaa, nikaweka mkoba magotini.

Mzee wa kofia ya kijani ndiye aliyeanza. "Wewe ni mtoto ya nani?"

Ukamhesabia mababu upande wa baba yako, mmoja baada ya mwingine, kama bibi alivyokufundisha, bila kuvuta pumzi. Akainua mkono ukiwa bado unateremka.

"Inatosha, inatosha. Upande ya baba iko sawa. Amu yake si alikuwa diwani? Hata mimi nilimpigia kura."

"Na barabara hatukuona," mzee wa pili akasema, wakacheka, na chifu akacheka.

"Sasa upande ya mama. Ongea Kiborana kidogo tusikie."

Ukawaamkia kwa Kiborana. Ukauliza habari za mifugo, za mvua, za nyumbani, kwa mpangilio wake, vizuri kuliko wajukuu zao wanavyoweza. Wakatazamana.

"Huyu amejifunza vizuri," akasema yule wa kofia.

Niliandika hilo kwenye daftari la kichwani na nalirudia hapa ulione lilivyo. Ungeshindwa kusema, ungekuwa mgeni kwa kutojua. Uliposema, ukawa mgeni aliyejifunza. Wagiriki wako walimwita barbaros yeyote ambaye lugha yake masikioni mwao ilikuwa bar-bar tupu. Angalau wao ungewajibu kwa Kigiriki kizuri wangebaki na kazi ya kutafuta tusi lingine. Hawa wetu wanalo tayari kwa pande zote mbili.

Kisha akauliza, "Babu ya mama yako amezikwa wapi?"

Ukaniinamia sikioni ukasema, "Dokimasia." Nikakufinya.

Ulikuwa umenieleza neno hilo jana yake. Kijana wa Athene akifika miaka kumi na minane alipelekwa mbele ya watu wa mtaa wake, wakaamua kwa kura kama umri wake ni wa kweli na kama amezaliwa huru, na wazazi halali. Akikataliwa angeweza kwenda mahakamani, na akishindwa huko, anauzwa utumwani. Na waliotaka vyeo vikubwa waliulizwa zaidi: baba yako nani, babu yako nani, mama yako binti wa nani, na makaburi ya ukoo wenu yako wapi. Ulikuwa umeongeza, ukipangusa chaki kwenye sketi, "Lakini mimi hata hiyo dokimasia nisingeitwa. Msichana." Nikasema basi tumepiga hatua, siku hizi wanakusumbua na wewe. Tukacheka. Kesho yake mzee wa kofia ya kijani, ambaye sidhani amewahi kusikia habari ya Athene, akauliza kuhusu kaburi.

"Hapa Isiolo," nikamjibu. "Makaburi ya Waislamu."

"Kaburi gani?"

Ubah, sikujua.

Najua kituo cha polisi kilihamishwa lini, najua nani alikuwa mkuu wa wilaya wakati wa kila ukame, naweza kukwambia duka gani Chechelesi lilikuwa la nani kabla ya huyu. Kaburi la babu yangu sikulijua. Alipozikwa, jeneza lilitoka nyumbani na wanaume, sisi wanawake tukabaki uani, kama ilivyo. Na makaburi yetu hayana majina. Ni kifusi na mawe kichwani na miguuni, mvua mbili tatu zikipita yote yanafanana. Hiyo ni dini na desturi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mimi, kwamba sikuwahi kumwuliza kaka yangu hata siku moja. Nimeuliza wageni wa nchi nzima maswali yao. Letu niliona halina haraka.

"Mama mwandishi hajui," yule mzee akasema, na hata hakusema kwa ubaya. "Basi nani atajua? Rudini mkijua."

Nikasimama nikasema, "Asante sana, wazee. Mungu awabariki."

Hapo ndipo ulipopata swali lako.

Unakumbuka tulivyokwenda na mjomba wako Jama makaburini. Mimi na wewe tulisimama nje ya seng'enge, yeye akaingia. Alikuwa mtoto babu alipozikwa, lakini alikuwa wa kiume, kwa hiyo alikuwepo. Akazunguka, akarudi, akasimama katikati ya vifusi viwili na mikono kiunoni, suruali imejaa miba.

"Ni hii," akapaza sauti. Kisha, "Ama hii."

"Abti, amua," ukamwambia.

"Nilikuwa nimeshika koleo, sikuwa nimeshika ramani."

"Basi tutasema tunao wawili."

Jama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshika waya wa seng'enge na kujiuliza ni mzee yupi kati ya wale wa varandani angeweza kunionyesha kaburi la babu yake mwenyewe bila kusema "ama hii." Hawakuwahi kuulizwa. Hiyo ndiyo tofauti yote kati yao na sisi. Si kwamba wanajua. Ni kwamba hawaulizwi.

Kilichofuata kilikuwa kosa langu, la mwisho katika mlolongo huu na lililokuumiza zaidi. Sikukushauri. Nilikwenda kwa Mzee Guyo, nikanywa chai yake, nikamwomba asimame kwa ajili yako kama baba yake alivyosimama kwa ajili yangu. Alikubali kabla sijamaliza. Ni mtu mwema, nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu hasira haina macho mazuri.

Tukarudi varandani. Mzee Guyo akasimama na fimbo yake. "Hii familia najua. Baba yangu alisimamia mama, mimi nasimamia mtoto. Ni wageni wetu, watu safi."

Karani alikuwa ameshaufungua muhuri. Ungesubiri kidogo tu, ungeondoka na kila kitu. Ukasimama.

"Mzee, na heshima yako. Mimi nimezaliwa hospitali ya hapa. Mimi si mgeni wa mtu."

"Kaa chini, msichana," yule wa kofia akasema. "Hapa wazee wanaongea."

"Si ni mimi mnaniongelea?"

Chifu akatazama barabara. Karani akafunga muhuri, akaichukua faili yako akaiweka kando, na kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma akaiwekea chupa ya chai juu yake. Mzee Guyo aliketi polepole kama mtu aliyepigwa na mtoto wake.

Njiani nilikugombeza. Mimi, ambaye sijapandisha sauti tangu uzaliwe. Nilisema, "Neno moja tu. Ungelimeza neno moja ungekwenda Nairobi na kitambulisho mfukoni. Sasa utafungua benki na nini? Utapata laini ya simu kwa jina la nani? Utalilia kila geti?"

Ukaniambia, "Wewe ulilimeza, Hooyo. Kadi unayo. Na bado walikuuliza kaburi."

Hukusema kwa jeuri. Ulisema kama mtu anayesoma saa. Nimekaa na sentensi hiyo tangu siku ile, nikiigeuza kama ninavyogeuza taarifa ya msemaji wa serikali nikitafuta mahali ilipopinda. Haijapinda. Tungeweza kuwaonyesha kaburi lenye jina la dhahabu, wangeuliza la baba yake. Kuna neno pale mlangoni, isegoria, haki ya kila raia kusimama mkutanini na kusema sawa na mwenzake. Ulipoliandika ulisema ndilo unalolipenda. Nilikuona ukilitumia bila kulitaja, na malipo yake kutoka kwangu yalikuwa kugombezwa barabarani.

Kwa hiyo leo, wakati shangazi yako anakukunjia nguo, niliposema naenda dukani, sikwenda dukani.

Varandani kwa chifu walikuwepo wote, na Mzee Guyo pembeni. Faili yako bado ilikuwa chini ya chupa ya chai. Ina alama ya duara juu ya jina lako.

"Karibu mama," akasema wa kofia. "Umepata kaburi?"

"Sikuja kwa kaburi. Siku ile niliwaambia asante. Nimekuja kuichukua."

Wakacheka, wakidhani ni utani wa waandishi. Karani akauliza, "Asante inachukuliwa aje, mama?"

"Kwa mdomo ule ule ulioitoa. Niliwashukuru kwa kunifanyia jambo ambalo halina shukrani. Naichukua. Na uandike kwamba nimeichukua, kama unavyoandika mengine."

"Mama," chifu akasema, "wewe ni mtu mpole. Tunakujua."

"Ndiyo, hiyo ndiyo imekuwa shida."

Sikupiga kelele. Sijui kupiga kelele, na si lazima. Yule wa kofia akajaribu methali, kwa sababu methali ni njia ya mzee ya kufunga mlango. "Mama, si unajua, mgeni siku mbili?"

"Najua. Ya tatu mpe jembe. Jembe tulipewa, mzee. Tukapewa na bunduki, na kodi, na foleni ya kura, maana siku ya kura hakuna anayeniuliza kaburi. Niambie sasa hiyo methali inaendelea vipi. Siku ya nne anaitwa nani? Mtoto wake anaitwa nani? Na huyu wangu mnayemwekea chupa juu ya jina, yeye mgeni wa siku ya ngapi?"

Kikawa kimya, na safari hii hakikuwa utulivu. Natumaini naweza kutofautisha sasa.

Aliyesema alikuwa Mzee Guyo. "Mtoto wako alinikatalia mbele za watu. Mimi nilikuwa nasaidia."

"Najua, Mzee. Baba yako naye alinisaidia, na sitasahau. Sikuja kukuvunjia heshima."

"Sasa nikiulizwa juu yenu, nitasema nini?"

"Sema jirani."

Akalifikiria. Alichora kitu sakafuni kwa ncha ya fimbo, akakifuta kwa kiatu. Kisha akamgeukia karani. "Ile ya kwanza futa. Andika jirani."

"Jirani si jibu, Guyo," akasema wa kofia. "Jirani ya nani? Ya kutoka wapi?"

"Yangu. Ya kutoka mlango wa pili. Andika."

Karani akamtazama chifu, chifu akatazama barabara, na karani akaandika. Aliandika na lile langu la asante. Nilisimama juu yake mpaka alipoweka nukta. Halafu faili ikarudi pale pale chini ya chupa. Sitakudanganya. Muhuri haukupigwa. Kesho unaondoka bila kitambulisho, na cheti cha kuzaliwa na barua ya chuo, na utasimamishwa kwenye mageti ambayo wenzako watapita wakiongea. Hilo ni kosa la watu ninaoweza kuwataja kwa majina, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nitawataja. Habari hiyo naanza kuiandika ukishaondoka. Yule mama wa Kiwanjani nitamtafuta pia. Jina lake bado ninalo.

Umeuliza kwa nini niliwashukuru. Nilizoea. Ndiyo yote. Niliipata haki yangu kama fadhila nikiwa msichana, na mtu aliyepewa fadhila hujifunza kushukuru hata anapokanyagwa, na watu wakamsifu kwa adabu. Ningependa kukupa sababu nzito kuliko hiyo. Nimeitafuta na haipo.

Huko uendako watakufundisha maneno haya yote upya, na vizuri kuliko mlango wa bati. Watakuonyesha nguzo na sanamu, na ni za kupendeza, zipende. Ila wakikuonyesha picha ya agora mchana wa mkutano, waache wauze samaki na wabishane, wewe hesabu waliosimama kando ya ukuta wakingoja mtu wa kuwasimamia. Mmoja wao angeweza kuwa bibi yako. Na Mzee Guyo ukimpigia simu Idi, mwite kama ulivyomwita siku zote. Alifuta neno lililosemwa na baba yake mbele ya marika yake, na hilo si jepesi.

Mlango sitaufuta. Dokimasia imeshaliwa nusu na mvuke; nimeirudia kwa chaki yako kabla ya kuketi, mwandiko wangu mbaya usikuchekeshe ukirudi.

Na watakuuliza, Ubah. Getini, benki, darasani, hata kwa wema. Watu wenu ni wa wapi? Usianze na Berbera. Usianze na kaburi, hii wala ile. Anza na mimi. Sema mama yangu yuko Isiolo, Chechelesi, mlango wa bati ulioandikwa chaki, jirani yake Mzee Guyo. Wakitaka zaidi ya hapo, waambie wamwulize mwenyewe. Nitakuwepo.

Hooyo